Hamsini

Tangu Januari simu inalia mfukoni:
nitimizeje hamsini?

Gwenllian anataka Lisboni, siku nne,
nyumba yenye bwawa. Amekwisha kutafuta bei
na kuigawa kwa nne, hadi senti.
Mwatumu anataka ukumbi, sufuria la pilau,
vitenge sare, na yule kaka wa Leicester
apigaye taarabu kwa kompyuta.
"Hamsini haifichwi," anasema.
"Hamsini huanikwa, watu waione."

Kirigo anaandika: *Nitaangalia zamu zangu.*

Siri ya mtungi, na kata ni sisi.
Tangu mwaka wa kwanza chuoni
zamu za Kirigo zina mfuko, na mfuko una tundu.
Siku hizi ana wawili wanaosoma,
na mama Nyeri anayesafishwa figo
mara mbili kwa wiki. Hatutaji.
Gwenllian anaandika tu kwamba Lisboni kuna joto mno,
mwezi wa pili!
na Mwatumu kwamba ukumbi una mwangwi.

Mume wangu anamenya viazi, haniangalii:
"Na wewe unataka nini?"
Sijui, nasema. Ni kweli, sijui.

Ishirini na moja niliitimizia kwa dobi.
Si utani. Hull, Februari,
upepo wa Humber ukipita chini ya mlango
bila hodi, kama mwenye nyumba,
mita ya gesi imemeza sarafu yetu ya mwisho
na haikutoa hata joto la chai.
Tukabeba nguo hadi mtaa wa Newland,
hata zilizo safi tulizibeba,
tupate sababu ya kukaa,
tukaegemeza migongo kwenye mashine za kukaushia
zilizokuwa zikizungusha shuka za watu wengine.
Keki ilikuwa moja, ya bei ya jioni,
imebandikwa karatasi ya njano. Mshumaa, hapana.
Mwatumu akawasha kiberiti akakishika:
"Puliza upesi, we!"
Mimi nikacheka badala ya kupuliza.
Kovu lipo bado, kwenye kidole cha shahada.
Shahada yangu ya kwanza, husema,
hiyo nyingine ilikuja na joho.

Basi usiku nikaandika: Twendeni kwa dobi.

Kimya.
Halafu Gwenllian, ambaye kwetu alijifunza neno *jamani*
na hulinyunyiza kama chumvi, popote:
*Jamani nimetafuta. Dobi jamani hakuna.
Pale sasa wanapaka watu kucha.*

Nikaweka simu kifudifudi.
Ajabu, kuhuzunikia mashine za kufulia
katika umri huu. Nikasimama jikoni bila kazi,
nikasikia simu ikitetemeka juu ya meza,
ikasogea, ikasogea, hadi kwenye maganda ya viazi.

Mwatumu: *Miaka ishirini na saba sijapaka rangi.
Wodi hairuhusu. Mnajua hilo?*
Hatukujua. Au tulijua, hatukuwahi kulifikiria.

Kirigo: *Ni kiasi gani?*
Gwenllian: *Paundi kumi na nane, mikono.
Miguu unaongeza.*

Hapo tukamngoja, kila mtu mji wake,
tukitazama vile vinukta vitatu
vinavyopanda na kushuka mtu anapoandika,
vikaja, vikapotea, vikaja.

*Zamu zangu zinaruhusu.*

Kwa hiyo ni Jumamosi, treni ya saa mbili asubuhi.
Mwatumu anakuja na pilau kwenye sufuria
aliloliviringishia taulo kama mtoto mchanga.
Keki naleta mimi, na mshumaa, mmoja, mrefu.
Rangi amekwisha kuchagua: nyekundu,
nyekundu isiyo na aibu.
Kucha za mikono atazifuta Jumapili usiku
kwa pamba, moja moja, kabla ya kazi.
Za miguu hazifuti.
Jumatatu atazivalia soksi na vile viatu vyake vyeupe,
ataingia wodini, atasoma joto la mgonjwa, atageuza mto,
na kumi zile zitakuwa zinatembea naye chini, gizani.