Mtaa wa Kiinua Mgongo

Mtaa wetu hapa Masasi una jina lake rasmi,
lipo kwenye kibao, nusu yake imeliwa na mchwa.
Watu wa sokoni wanauita Kiinua Mgongo,
maana kila nyumba ilisimama kwa hela hiyo,
na hakuna mgongo hata mmoja ulioinuka.

Mwalimu Hokororo humsimamisha muuza mboga:
"Si kisamvu nzuri, mwanangu. Kisamvu kizuri!"
Kijana anasahihisha,
kisha anapandisha bei.

Chinguile aliwaendesha wakuu wa wilaya sita
(hakuna, anaapa, aliyewahi kufunga mkanda).
Baiskeli yake huiegesha kinyumenyume,
pua ikitazama barabara, tayari kwa dharura.
Mwaka wa tisa huu. Dharura haijatokea.
Kuku anatagia kwenye kikapu cha nyuma.

Nampunda, aliyekuwa hali ya hewa, ana vipimo viwili:
redio, na goti lake la kushoto.
Redio ikisema jua, goti likisema mvua,
mtaa mzima tunaanua mbaazi.

Mimi nilikuwa posta, dirisha la pili.
Fatu akiniita mezani bado naropoka, "Anayefuata!"
na hakuna anayefuata,
tumebaki wawili.

Zamani ukiulizwa habari ulijibu njema, ukapita.
Siku hizi habari ina vipengele:
presha, sukari, usingizi, choo.
Juzi Nampunda na Hokororo walianza kusalimiana saa mbili,
adhana ya adhuhuri ikawakuta kwenye figo.

Basi mwezi wa sita simu zetu zikalia kwa pamoja:
*Mstaafu, fika mwenyewe uthibitishe kuwa u hai.*
Hokororo akausifu ujumbe. "Wameiachanisha ile *u*," akasema,
"bado kuna mtu amesoma nchi hii."
Nampunda akashauri twende mapema,
kabla hali haijabadilika.
Na Chinguile, macho yakimng'aa, akamwondoa kuku.

Ofisini tulipita mmoja mmoja, kidole kwenye kioo,
mashine ikilia, nasi tukishukuru kama tumefaulu mtihani.
Ikafika zamu ya Bi. Somoe, mkunga wa miaka yote ile.
Kidole gumba: kimya.
Cha shahada: kimya.
Kila msimu anabangua korosho uani kwake,
mafuta ya maganda yamemla alama zote.
"Bibi," kijana akasema, "mfumo unasema haupo."
"Hupo!" Hokororo akafoka kutoka kwenye benchi. "Nafsi ya pili! Hupo!"
Bi. Somoe akamgeukia.
"Mwalimu, wewe uko upande gani?"

Kisha akamtazama kijana, akamtazama tena.
"Wewe si wa Chiungutwa? Mtoto wa Alufonsina?
Ulitanguliza matako, usiku, taa ya chemli inakaribia kuzimika.
Hukupumua.
Nikakupiga kofi moja, ukalia,
nikaandika kwenye daftari: *hai*.
Sikukuomba kidole."

Foleni nzima ikasahau viuno vyake.
Kijana akapangusa kioo kwa ncha ya tai,
akaushika mkono wa kushoto taratibu,
akakilaza kidole cha mwisho, kile kidogo,
ambacho korosho hazikukifikia.

Mashine ikalia. Sauti nyembamba,
ya kichanga kilichokasirishwa na baridi.

"Hai," akasema Bi. Somoe kwa mazoea,
mkono mwingine ukipapasa mezani
kutafuta kalamu.

Tuliporudi, Chinguile akitangulia kwa kengele,
tulimkuta kuku amesimama palepale ukutani
inapoegeshwa baiskeli,
amebana,
anatuangalia kama watu tuliochelewa kazini.