Gusanisha Ncha Kwanza

Paisley, Januari, ghorofa ya tatu,
ngazi za mawe zimelika katikati kama sabuni.
Bi Ishbel amekunja zulia, amesogeza kochi,
amemfungia paka bafuni,
nami nimepiga magoti mbele ya soketi
kama mtu aliyesahau dua.

Mita inasema nukta nne.
Nabonyeza tena: moja nukta tisa.
Tena: nukta tatu.
Tena, nimekohoa tu: hakuna njia kabisa.
Soketi ile ile, mkono ule ule.

Nikaanza na ukuta, maana ukuta haujitetei.
Nikasema nyumba kongwe, nikasema unyevu,
nikasema fundi wa zamani alikaza skurubu nusu
akakimbilia mechi.
Nikafungua soketi: skurubu zimekaza.
Nikang'oa ubao wa sakafu, nikakuta vumbi,
pini ya nywele, tikiti ya basi ya enzi za shilingi yao,
na waya mzima umelala zake, hauna habari nami.
Nikabadilisha betri. Namba zikacheza vile vile,
kama shahidi ambaye kila ukimhoji upya
ana hadithi mpya.

Saa tisa, na jua la huku limeshaanza kufunga virago.
"Na hicho chako," akauliza Bi Ishbel, "hupimwa na nani?"
Hakuwa na kejeli. Alikuwa na birika mkononi.

Miaka kumi na mmoja sijaulizwa hivyo.

Nikagusanisha ncha, nyekundu na nyeusi,
chuma kwa chuma, bila nyumba katikati.
Hapo namba hutulia jirani na sifuri.
Ikasoma mbili nukta saba.
Nikaupinda waya mwekundu shingoni, unapoingia kwenye plagi:
nukta mbili. Nikaunyoosha: tano.

Nje mpira unang'aa, hauna hata mkwaruzo.
Ndani nyuzi za shaba zimekatika,
zimebaki mbili tatu zinapapasana gizani;
zikishikana mita inasema kweli,
zikiachana inaongopa,
kwa uso ule ule mkavu.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema.
Changu nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili.

Na aliyezikata namjua.
Kila jioni, garini, nikiwa na haraka ya nyumbani,
naizungushia mita nyaya zake, navuta, nakaza,
kama mtu anayefunga mzigo wa kuni.
Jioni moja haikati kitu.

Nilikuwa nacheka, mpaka nikaikumbuka Jumanne.
Jumanne, mtaa wa nyuma ya stesheni,
kwa mzee Dudek, mjane, fundi viatu aliyestaafu,
nilipiga muhuri: waya wa jikoni mbovu, ung'olewe.
Kwa mita hii. Kwa waya huu.

Ijumaa nikanunua nyaya mpya, pauni kumi na nane.
Nikazigusanisha pale pale dukani, mara tano,
muuzaji akanitazama kama mtu anayehesabu chenji ya msikitini.
Nikaenda kwa mzee. Ameshabomoa:
mtaro umechimbwa toka mlangoni hadi kwenye jiko,
plasta imejaza ndoo tatu,
vigae alivyochagua marehemu mkewe
vimepangwa juu ya gazeti, viwili vimevunjika pembe.

Nikapima. Nukta tatu.
Nikapima. Nukta tatu.
Nikakohoa makusudi. Nukta tatu.

"Kwa hiyo ukuta haukuwa na kosa?"
"Haukuwa."
"Nani, basi?"

Nikampa waya wa zamani.
Akaupitisha kwenye vidole vyake taratibu,
vidole vinavyojua ngozi imechokea wapi
kabla haijapasuka,
akafika shingoni, akasimama.
"Hapa," akasema. Wala hakuwa na mita.

Kisha akatoka, akarudi na ndoo ya maji,
akanikabidhi mwiko.