Mshono wa Ndani

Mishono yangu ya kwanza niliishona kwenye ganda la ndizi,
usiku, kwa taa ya simu, chumbani kwetu Langoni.
Ganda likachanika. Nikala ndizi, nikachukua nyingine.
Wiki ilipokwisha sikutaka kuona ndizi tena.

Daktari Swabra alisema: uzi ukivutwa mno, nyama hufa.
Ukilegezwa, tumbo hufunguka.
Katikati ndipo penye kazi,
na kwa hapo sina neno la kukupa.

Neno nililipata kwa Bi Nuru Shekuwe, mshona kofia,
aliyemleta paka wake ndani ya kikapu cha sokoni,
kafunikwa leso, mkia tu uko nje.
"Hariri amezaa mara nne kwa miaka miwili.
Yeye amechoka kuzaa, nami nimechoka kuzika."

Tukamweleza utafiti: paka themanini, wote majike.
Nusu tunawashona kwa nje, kwa nyuzi za kutolewa,
nusu kwa ndani, kwa uzi unaoyeyuka wenyewe;
maana paka wa mji huu hulala juu ya mapaa ya watu,
na siku ya kumi, siku ya kutoa nyuzi,
nani atapanda kumkamata?
Anayechagua si mimi wala daktari. Ni bahasha.
"Kumbe nanyi mwapiga kura," akasema Bi Nuru.

Bahasha ikasema: nje.

Hariri akawa namba arobaini na moja,
kilo mbili na robo, fizi zimepauka kidogo.
Jina lake nililiandika pembeni kwa penseli,
kinyume cha utaratibu.

Nilimshona mimi. Alikuwa paka wangu wa tisa.
Bi Nuru akavaa miwani, akainama juu ya lile tumbo lililonyolewa:
"Hapa umevuta kwa hofu.
Na hapa umelegeza kwa hofu ile ile.
Kofia ikishonwa hivi haikai kichwani.
Shusha pumzi, ndipo utoe sindano."

Jioni tatu nilikaa naye ukumbini,
kitambaa cheupe magotini, vitobo vidogo kama mbegu za ufuta.
"Mato yangu yamechoka," alisema. "Vidole bado vyaona."

Siku ya sita Hariri akarudishwa.
Amelamba, ametafuna, nyuzi mbili hazipo,
kidonda kimeachama upana wa ukucha.
Nilitaka kuandika: mwenye paka hakufuata maelekezo.
Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi.
Daktari alisimama nyuma yangu, hakusema kitu.
Nikaandika: 41. Nje. Siku ya sita, umefunguka.
Mshonaji: mwanafunzi.
Kisha tukamshona upya, kwa ndani, bila kuuliza bahasha.

Paka kumi na mmoja hawakurudi kabisa.
Niliuliza kama niwafute, jedwali lipendeze.
"Asiyerudi naye amesema jambo," akajibu Daktari.
"Mwachie mstari wake."

Mwezi wa pili nilipita kwa Bi Nuru.
Manyoya yalikuwa yameota. Hariri akalala chali, akaniachia tumbo,
nami nikalitafuta kovu kwa ncha ya kidole,
sikulipata, nikarudia tangu juu.
Bi Nuru hakuinua uso kwenye kofia yake.
"Bado wavuta kidogo," alisema,
"upande wa kushoto."