Ufunguo Usio na Meno

Chuma hiki cha chapa mama alikinunua mnadani
kwa dola nne alizozikunjua moja moja.
Ni umbo la ufunguo: duara juu, shina chini, meno hakuna.
Leo kazi yake ni kuzuia mlango wa jikoni,
maana upepo wa Wyoming haubishi hodi.

Babu wa mama, Ephraim Tolliver,
alizaliwa Texas akiwa mstari katika daftari la mtu.
Akaja kaskazini akiwa huru,
miezi minne nyuma ya mikia elfu mbili,
vumbi likimkaa kooni hadi uzeeni.

Bonde alilikuta na mifupa ya nyati, bado nyeupe.
Wacheyenne waliowafuata nyati hao
walikuwa wamekwisha kusukumwa, kwa bunduki kwanza,
kisha kwa karatasi.
Katikati ya mifupa, hema moja,
na mbele ya hema Hector Auchterlonie, Mskoti,
akichora ufunguo mchangani kwa ncha ya buti.

Mwaka wa tatu, vichwa elfu nane.
Nyumba ya mawe ikasimama, madirisha kumi na manane,
vioo vyake vikiletwa kwa reli vimelazwa ndani ya shayiri
kama mayai.
Mwaka wa sita, elfu thelathini na moja,
lilivyosema daftari.
Wauza magunia kule Dundee wakanunua hisa
za ng'ombe wasiowahi kuwanusa,
na kila ndama aliyetarajiwa akaandikwa,
na ndama wa ndama huyo akaandikwa.

Ephraim alimwambia: Bwana, tuhesabu kwato,
tugawe kwa nne.
Auchterlonie akacheka, akammiminia wiski.
Wiski ilikuwa nzuri, alikiri babu. Hilo hakulificha.

Halafu ule msimu wa baridi.
Theluji, kisha siku mbili za joto la uongo,
kisha barafu juu ya theluji, ngumu kama sahani.
Ng'ombe wakaikanyaga ikawakata miguu;
ungeweza kuwafuata kwa damu.
Wakaupa upepo mgongo, wakatembea hadi kwenye seng'enge,
seng'enge aliyoikaza Ephraim kwa mikono yake,
wakafa wamesimama, wa nyuma akimwegemea wa mbele.
Aprili mto ulipitisha mizoga siku nne, usiku na mchana.

Walipohesabiwa, kwa kwato safari hii,
hai walikuwa elfu nne mia moja na saba.
Waliokufa hawakutimia elfu kumi.
Wale elfu kumi na saba na ushei waliobaki
hawakufa.
Hawakuwahi kuzaliwa.

Wahenga walionya: mali bila daftari huisha bila habari.
Hapa daftari lilikuwapo, jalada la ngozi, kona za shaba,
na ndilo lililokula kundi zima
likabaki na njaa.

Baada ya hapo ranchi haikuanguka. Ilipungua,
kama sabuni.
Ekari hizi kwa benki, zile kwa mfuga kondoo,
kisima kwa ndugu aliyeshitaki ndugu.
Mwishoni wakaja watalii, wakilipa
kupandishwa juu ya farasi wazee wasioweza kuwaangusha.

Siku ya mnada nilikuwa na miaka tisa.
Bi Lorna, wa mwisho wa ukoo, alikaa kwenye kiti
chenye karatasi ya namba mia moja na kumi na mbili.
Dalali alikiruka kiti hicho mara mbili.
Mara ya tatu kikauzwa,
na aliyekinunua, kijana wa Casper, akasimama kando,
kofia mkononi, akitazama madirisha,
akingoja bibi ainuke mwenyewe.
Alingoja sana. Tuliondoka akiwa bado anangoja.

Njiani chuma kilikuwa mapajani mwangu, kizito, baridi.
Mama aliendesha kimya hadi daraja la pili.
Alikuwa mtu wa kuandika kila senti,
unga, mafuta, stempu.
Zile dola nne
hakuziandika popote.