Fomu ya Ukaguzi, Makao Makuu

Nilikuja na tepu ya kupimia, tochi, na fomu ya kurasa nne.
Jumatatu, saa tatu kasoro,
mafundi cherehani wa Kiusa wameshatandika barazani,
na bango la Chama cha Wasioona limepauka
hata mwenye macho hana budi kuulizia.

*Jengo lilijengwa lini?*
Mwaka sabini na nne, kwa kilo ya kahawa kutoka kila kihamba.
*Lilikusudiwa watu wangapi?*
Arobaini. Daftari la leo linasema mia tatu na sita,
na Ijumaa, siku ya kugawa fimbo na dawa za macho,
foleni inatoka mlangoni, inampita muuza mitumba, inakata kona.

Nikapima korido. Sentimita tisini na mbili, tena penye nafuu.
Nikaandika: *Nyembamba. Haikidhi.*
Bi Ndeonansia, mpokea simu wa miaka ishirini na saba,
alisikia kalamu ikikwaruza.
"Umeandika nini hapo?"
Nikamsomea.
Hakubisha. Alinyanyuka, akatanua mikono,
kiganja ukuta huu, kiganja ukuta ule,
akateremka korido nzima kama maji ya mfereji,
bila fimbo, bila kuhesabu hatua.
Kutoka mwisho kabisa akaniambia,
"Haya, ipanue. Uone nitakavyoelea."

Lakini Senzota haoni, na miguu haimbebi.
Kiti chake cha magurudumu kinakwama palepale,
mlango wa tatu, ofisi ya katibu.
Kila wiki anahudumiwa dirishani
kama mtu anayenunua vocha.
Ukuta unaomshika mmoja unamzuia mwingine.
Fomu haina kisanduku cha jambo hilo.

Paa: bati, kutu upande wa magharibi.
Masika ikishuka, darasa la nukta nundu linaendelea,
vidole havina haja ya kusikia;
ila mafunzo ya simu zinazozungumza husimama,
watu kumi na wawili kimya, wakisubiri wingu lichoke.

Choo: kimoja. Kizingiti kirefu. Nilijikwaa.
Wasuka viti wawili wakacheka: "Karibu, mwenzetu."

Taa: sita. Nne zimeungua tangu Krismasi.
Hakuna aliyelalamika.

Ngazi kumi na saba, chumba cha bodi,
dirisha kubwa linaloelekea kaskazini.
Nikasimama.
"Mlima umetoka, eh?" Bi Ndeonansia, nyuma yangu.
"Umejuaje?"
"Wageni wote hunyamaza hapohapo."

Kuna kiwanja Mabogini, tambarare, nauli mbili kutoka stendi.
Katibu Elinami anayo ramani ya jengo jipya,
na mtu mwenye subira amebandika uzi wa katani
juu ya kila mstari wa ukuta,
ili vidole vihamie kwanza.
Tukaishusha chini, tukamwekea Senzota magotini.
Kidole chake kikaingia mlango mkuu, kikakunja kulia,
kikafika ofisi ya katibu, kikatoka, kikaingia tena.
"Napita," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo, "Napita na kugeuka."

Bi Ndeonansia akaipokea.
Kidole kikafika ukumbini, mpana kuliko kiganja,
kikatafuta uzi, hakikuupata,
kikarudi mlangoni. Mara mbili. Mara tatu.
Hakusema kitu. Nje cherehani zilikuwa zikigombana.

*Je, jengo la sasa bado linakidhi mahitaji?*
*Ndiyo. Hapana.*
Saa nane. Kalamu ilikuwa mkononi.
Nikamwomba Elinami gundi na kipande cha uzi kilichosalia,
nikakilaza katikati ya ukumbi ule,
kutoka mlango hadi meza ya simu,
nikauongoza mkono wake.
Kidole kikasita. Kikafuata.
"Haujakauka," alisema. "Unanata."