Daftari la Kupandisha

Nimelipata ndani ya debe la mafuta ya taa,
limeviringishwa kwenye kipande cha tandiko la farasi.
Mchwa wamekula Aprili yote na nusu ya Mei.

Safu ya kwanza: dume. Ya pili: jike.
Ya tatu: tarehe ya kupandwa. Ya nne: matokeo.
Safu ya aliyeshika hatamu hakuna.

Madume walikuwa watatu hapa Bombo, chini ya kambi ya Keya.
Kometi, wa mwendo wa matiti,
aliyegusa ardhi kana kwamba inamuunguza.
Baroni, wa kupandwa na mabwana Jumamosi asubuhi,
shingo imepinda kama mkono wa birika.
Na Samsoni, wa kuvuta,
kifua mlango wa boma, kwato sinia,
mpole hata kuku walilala chini ya tumbo lake.

Bibi Kaltuma, kila akisikia habari za matiti,
aliziba mdomo kwa ncha ya gurubaba:
"Wameagiza dume kutoka ng'ambo, kwa meli, kwa treni,
aje Uganda kwa ajili ya matiti!
Na haya yangu jikoni, nani ameyaandika?"

Kiswahili nacho kibahili,
kimekitwika kitenzi kimoja mizigo mitatu:
bwana alimpanda farasi,
farasi akampanda jike,
babu akapanda mihogo nyuma ya banda.
Farasi, babu hakumpanda hata siku moja.
Alitembea kando, vidole kwenye lijamu,
maili sita kwenda, maili sita kurudi,
ili Baroni asichoke kabla ya kubeba mtu.

Ukurasa wa tisa ni nasaba ya Kometi:
baba, babu, mama wa mama, vizazi sita,
kila mmoja na rangi yake
na alama yake ya paji la uso.
Babu yangu ni Rehani wa Marjani.
Marjani alichukuliwa mtoto, upande wa Lado,
na jina alipewa na aliyemchukua.
Hapo wino unakwisha.

Mbung'o hawasomi nasaba.
Kometi alianza kukonda masika yale,
macho maji, miguu imevimba,
akatupa matiti, akashika mwendo wa mzee msikitini.
Daktari wa mifugo alikuja na sindano na chupa,
kisha akaja na bunduki.
Baroni alimfuata kabla ya Ramadhani.
Samsoni alibaki, sijui kwa nini,
akavuta mapipa ya maji, akavuta kuni,
akawavuta wenzake wawili kwa mnyororo
hadi kwenye shimo.
Babu alimfunga kitambaa machoni.
Hilo halikuandikwa. Nililisikia kwa bibi.

Alilosema bibi mara nyingi zaidi, tena kwa hasira,
ni habari ya usiku wa mvua ya mawe.
Yeye yuko chumbani, uchungu umemshika,
mkunga anaita maji ya moto,
na mumewe yuko bandani,
mikono hadi kwenye viwiko ndani ya jike nambari saba,
anageuza miguu ya mtoto wa mwisho wa Kometi.
Alirudi alfajiri ananuka damu isiyo ya nyumba hii.
Bibi hakumpikia kisra siku saba.

Nimeutafuta usiku ule. Mchwa wameuacha.
Dume: Kometi. Jike: saba.
Matokeo, kwa mwandiko wa bwana, herufi zimelala upande:
jike, kahawia, amekufa siku ya nne.
Na pembeni, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu
alizofunzwa chuoni kwa fimbo,
maneno mawili ya babu:
Bakita. Mzima.

Bakita ni mama yangu.
Anatimiza tisini mwaka huu, magoti yamegoma.
Nilimpelekea vyote barazani, nikamsomea.
Alinyamaza. Alichukua kile kipande cha tandiko,
akakinusa, akakikunja, akakikalia.
Daftari alilirudisha.
"Peleka nje," alisema, "lina mchwa."