Kopo la Nkwimba

Mimi ni wa masijala, chumba cha nyuma,
dirisha linaitazama Kirumba.
Harufu ya dagaa hupanda saa sita
bila kubisha hodi.

Siku kioo kilipoandika LESENI IMEKWISHA
foleni ilikuwa na watu hamsini na sita,
na vibali vya mitumbwi yao, vimelipiwa, vina mihuri,
vimo ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake
unakaa mji nisioweza kuutamka.
Tukapiga simu. Muziki. Tukapiga tena. Muziki.
Masalu wa Igombe akaniuliza:
"Majina yetu wameyahamishia wapi?"
Nikanoa penseli.

Akashuka Mhandisi Nkwimba Lugwisha wa idara ya maji,
viatu tope, kalamu imechomekwa nyweleni.
"Halmashauri haiwezi kupanga mlango wake yenyewe," akasema,
akakaa nasi siku tisa, akaweka programu huria.
"Mapishi yake haya hapa, yote, hadi chumvi.
Msipoyapenda, badilini. Mkibadili, mpeni jirani."

Mweka hazina akacheka: "Rahisi ghali, mama."
"Sikusema rahisi. Nimesema huru.
Mbuzi wa kupewa bado ana kamba,
uliza nani kashika ncha ya pili."

Hiyo ni kazi ya mchana.
Usiku, Kilimahewa, juu ya meza ya kupigia pasi,
alikuwa anajenga kitu
kisichozidi kopo la maziwa ya unga:
jicho, betri, waya mwembamba kama unywele wa mtoto.
Siku moja litakaa juu kuliko ndege,
lihesabu gugumaji likijikusanya ghubani
kabla halijaziba njia ya kivuko.

Kwenye bajeti diwani akasimama:
"Anga? Na choo cha shule je?"
"Choo nilikipima jana, mheshimiwa. Futi kumi na mbili kwenda chini.
Leo naomba kupima kwenda juu."
Wakacheka wote. Hela hawakutoa.

Zamu yake ya upatu ilipofika akanunua puto.
Jumamosi, juu ya miamba ya Nyamanoro,
mimi nilishika kamba, nikaiachia niliposhtuliwa.
Kilomita kumi na tisa, simu yake ikasoma. Ishirini na moja.
Kisha hakuna.
Akakaa juu ya jiwe akala karanga zote, hata zilizoungua.

Wiki ya tatu likaja furushi kwa meli, kutoka Ukara,
limefungwa kwa kipande cha kanga, na barua:

*Kopo lenu limeangukia chanja yangu.
Mliandika ubavuni: fungua, tazama, ukiweza rekebisha.
Nimefungua. Waya mmoja ulikuwa umekatika,
nimeuunga, nikaukaza kwa uzi wa nyavu,
fundo la nyumbani kwetu, halilegei majini.
Betri sina.
Ndoo mbili za dagaa zimemwagika mchangani.
Nawadai.
Nyangeta, mwanika dagaa.*

Nkwimba aliisoma mara tatu.
Akatuma hela ya ndoo mbili, akaongeza ya betri.
Kisha akalichora lile fundo, zamu kwa zamu,
akalitia kwenye michoro ya mradi ambayo yeyote anaweza kuichukua,
na chini yake: *fundo, Nyangeta wa Ukara.*

Kopo halijaruka tena.
Liko mezani kwake, limekandamiza karatasi,
na feni ikizunguka, lile fundo ndilo halitikisiki.

Nami, ambaye sikusomea haya,
nilimwomba anionyeshe mahali maneno yanapokaa.
Palikuwa na mstari: MTUMIAJI HATAMBULIKI.
Nikaufuta. Nilitetemeka kama mwizi.
Nikaandika: *Karibu. Jina lako nani?*

Jumatatu Masalu akaja kuhuisha kibali.
Kioo kikamuuliza.
Akanitazama mimi, akakitazama,
akavua kofia,
akakijibu kwa sauti.